Hodi ya Vidole

Mimi ni wakala. Kibanda changu cha kijani
kimeegemea kinu cha unga, hapa Majengo.
Watu hunitajia tarakimu, basi.
Lakini tarakimu nazo zina midomo:
mia mbili kila Ijumaa ni mama mwenye mwana bwenini;
elfu tano iliyotolewa asubuhi, ikarudishwa jioni,
ni mapenzi yaliyojuta.

Ndipo nikamshangaa Mwanamkuu, fundi cherehani,
chumba kimoja, choo cha wapangaji sita:
alikuja kutoa elfu kumi na nane na mia tatu,
subana bado i kidoleni.
"Umepata mchumba Maskati?"
Akacheka kwa pua. "Nauza leso."
"Leso gani? Sijakuona na doti wala bulungutu."
"Leso zisizofuliwa."

Akaniwekea simu mezani, kioo kimepasuka pembe,
akanitia mjini mwake.
Anga zambarau. Bahari haina chumvi,
kwa hivyo bati haliliwi.
Watu warefu, hawana vivuli wala jasho,
na mmoja ni paka asimamaye wima,
amejifunga leso ya Mwanamkuu kiunoni, jina chini:
NIMEKUJA KUKAA SIKUJA KUKAGUA.

"Leso ina pindo na ina mji," akanambia.
"Nimeuza pindo, nimenunua mji."
Na kweli: nyumba ya ghorofa, baraza pande mbili,
mlango wa nakshi aliouchonga kwa kidole gumba
wiki kumi na moja, usiku,
kwa bando la shilingi ishirini.

"Mwanzo walipita ukutani kama majini.
Hawana adabu, hawakufunzwa.
Nikaandika mlangoni: sema hodi."
Sasa wanakuja, wanaandika
hodi, hody, oddi,
na mmoja wa nchi ya theluji, Teppo,
huja kila siku, huketi barazani, hasemi kitu,
huacha sarafu tatu za kule, akaenda zake.
"Alipia nini?"
"Sijui. Labda *karibu*."

Mwezi wa pili pesa zikakwama.
*Malipo yako yanakaguliwa.*
Siku moja. Siku nne. Siku tisa.
Mwenye nyumba akausoma ujumbe, akaurudisha:
"Kukaguliwa huku, kwapikwa kukaliwa?"

Mwanamkuu akaja dirishani kwangu.
Hakutaja tarakimu, alinitazama tu.
Elfu sita zilikuwa kwenye droo, goti langu likizigusa.
Nikasema: "Floti imekwisha, dada."
Akasema: "Haidhuru."
Alasiri ile cherehani ikapita juu ya mkokoteni,
miguu hewani, kama mbuzi wa kuchinjwa,
ikashika njia ya Kongowea.

Labda siku ya kumi pesa zilifunguliwa.
Labda alizitolea kwa wakala mwingine,
mwenye dirisha kubwa na roho ya kulijaza.
Mimi daftari langu halina habari zake.

Jana nimefunga mapema. Nimenunua bando.
Nimepewa kiwiliwili cha bure, kipara, fulana ya kijivu,
chatembea kama aliyetoka hospitali.
Nimeuliza njia kwa paka.
Mlango u pale pale, nakshi zake zote.
Teppo yuko barazani. Hakugeuka.

Nimeandika: hodi.
Kinu kwa nyuma chasaga, chasaga.
Hodi.
Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, nasi twajua,
ukinyamaziwa unaondoka bila kinyongo.
Vidole vyangu, vinavyohesabu laki bila kukosea,
vimekosea herufi nne:
hpdi.

Kimya. Kisha maneno, moja moja:
*Karibu wakala.*
*Vua viatu.*

Natafuta pa kubonyeza.
Kuna kuruka, kuna kucheza ngoma, kuna kupunga mkono.
Kuvua viatu hakuna.
Namtazama Teppo:
yuko peku.
Basi njia ipo.