Gesi Hailiwi

Kabla sijafungua boneti nilimwuliza Bi Nyamizi:
mara ya mwisho gesi ilijazwa lini?
Akahesabu kwa vidole, kama mtu anayehesabu misiba:
Pasaka, Nyakato. Mwezi wa saba, Igoma.
Juzi, kwa kijana mmoja wa Mkuyuni
aliyemwambia, "Mama, gari la mwaka tisini na mbili
linakula gesi."

Gesi hailiwi, Bi Nyamizi.
Si petroli, si ugali.
Inazunguka humo humo, bomba hadi bomba,
mvuke, maji, mvuke tena,
na njia isipotoboka itazunguka mpaka gari life.
Ikipungua, imetoka.
Ikitoka, pana tundu.
Na anayekuongezea gesi bila kutafuta tundu
amekuuzia upepo
katika mji wenye ziwa zima la upepo.

Hataki ubaridi wa kujidai.
Anaoka keki za harusi.
Jumamosi ile, toka Buzuruga kwenda Capri Point,
foleni ilimshika Mabatini saa nane mchana
na ghorofa tatu za krimu zikaanza kuinama
taratibu, kama bibi harusi anayesinzia.
Ukumbini waridi zilifika supu.
Alirudisha pesa za watu. Usingizi wake haukurudi.

Nikaanzia mbele.
Mapezi ya kondensa yamezibwa na wadudu wa ziwani,
wale wanaoinuka majini kama moshi
wakaja kufia kwenye kila taa na kila grili,
msimu juu ya msimu, hadi wakawa udongo.
Nikaosha kwa maji ya polepole, toka ndani kwenda nje:
mapezi yale ukiyakasirikia yanalala.
Oringi nyeusi, kavu kama dagaa wa mwaka jana, nikazitupa,
nikaweka za kijani, nikazipaka oili kwa kidole.
Nikajaza naitrojeni, nikapaka povu kila kiungo.
Hakuna kilichopumua.
Nikasema, tumemaliza.

Nilisema mapema.
Asubuhi sindano ya geji ilikuwa imeshuka
upana wa ukucha.

Usiku ule mke wangu akaniuliza unamwaza nani.
Nikajibu: evaporeta.
Akageukia ukutani.

Siku ya tatu, mimi na Lushinge tukang'oa dashibodi.
Skrubu thelathini na moja ndani ya mfuniko wa ndoo.
Nyuma yake: kiota cha panya, sarafu ya shilingi ishirini,
sukari ya unga iliyoganda,
na kadi ya mwaliko wa harusi
ya watu ambao sasa wana wajukuu.
Tukajifunika turubai, tukawasha taa ya zambarau,
na pale, kwenye kona ya evaporeta,
rangi tuliyoizungusha jana ikawaka kijani:
jicho dogo kuliko punje ya ulezi.

Pakacha likivuja, nafuu kwa mchukuzi.
Bomba likivuja, nafuu kwa fundi.
Wangapi wamekula kupitia tundu lile?
Sitaji majina.
Mimi mwenyewe, mwaka wa ada za watoto watatu,
nimewahi kuuza upepo.

Evaporeta tulipata Igogo, mtumba, nzima.
Draya mpya. Pampu ikavuta hewa dakika arobaini,
nikafunga valvu, nikaenda kunywa chai na chapati,
nikarudi: sindano haijasogea hata unywele.
Ndipo nikamwaga gesi, kwa mizani, si kwa macho.

Bi Nyamizi alikuja na kipimajoto chake cha shira.
Akakichomeka kwenye tundu la dashibodi, akakodoa macho.
Kumi na tisa. Kumi na moja.
Sita.
Hakusema asante. Alipandisha vioo vyote vinne
akakaa humo peke yake, mikono mapajani,
kama anayesubiri kitu kigande.

Muuza karanga akapita, akainama, akapiga kelele:
"Fundi! Gari la watu linavuja!"
Kweli. Chini ya mlango wa kushoto,
tone, halafu tone, kwenye vumbi la Mabatini,
maji safi,
unyevu wa ziwa uliopanda mlima kwa hewa
ukashikwa na ubaridi, ukarudi kuwa maji.

Acha livuje, nikamwambia.
Hilo ndilo nililolitafuta siku nne.