Kiswahili cha Mama

Pale Mabibo, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja,
majirani walimcheka mama kwa maneno yake.
Akitaka kiti kisogezwe, husema: Beba.
Akitaka tule: Kaeni chini. Kimya.
Mama Tunu wa chumba cha mbele akauliza uani,
"Huyu Mhaya lugha kafundishwa na askari?"
Wakacheka hadi sufuria ikaungua.
Mimi, mtoto wa miaka tisa, nikaona aibu,
nikachukua ndoo, nikajifanya nimetumwa bombani.

Jana, Muhimbili, kijana wa eksirei
aliinua picha ya bega kwenye mwanga.
"Mfupa huu ulivunjika ukajiunga wenyewe,
zamani sana. Ulianguka, bibi?"
Mama akaitazama picha kama mtu anayeonyeshwa
stakabadhi ya deni alilokwisha kulipa.
"Sukari," akasema.
"Una kisukari?"
"Nilibeba."

Kwenye benchi la nje, akisubiri faili,
alinieleza kwa sauti ya kuuliza bei ya nyanya.

Nilikuwa naanika buni. Novemba, sabini na nane.
Walitutoa kijijini na nguo tulizovaa,
wakatupeleka kiwandani kupakia sukari yetu
kwenye malori yao,
kisha msituni, ng'ambo ya Mutukula,
tukate miti, tuchimbe mahandaki.
Wao hawakujua Kihaya. Mimi sikujua cha kwao.
Tukakutana kwenye Kiswahili.
Neno la kwanza: beba. La pili: upesi.
La tatu sikuambii, nawe usiulize.
Kagemulo aliomba amaizi, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni.
Siku hiyo hiyo nikajua kusema maji.
Bega? Gunia lilikuwa la watu wawili.
Kagemulo aliishiwa nguvu, lote likanilalia.
Sikulitua.
Waliotua mzigo tuliwaona walivyofanywa.

Akanyamaza. Mhudumu akapita na kitanda cha magurudumu,
gurudumu moja linalia.

Wetu walipofika, mmoja alikuwa kijana, ndevu hazijaota.
Akaniangalia, akasema: Pole, dada.
Neno hilo sikuwahi kulisikia.
Nikajua ni amri mpya.
Nikainama kutafuta mzigo.

Miaka yote hii nimekunywa naye chai kavu,
nikidhani ni ubahili, au mambo ya Bukoba.
Miaka yote pakiti ya kilo moja ikikaa kabatini,
kwa ajili ya wageni, jina la Kagera limeandikwa ubavuni,
na mama akiifungua kwa meno, akiipima kwa kijiko,
bila kulamba kidole.

Nilitaka kumwuliza Kagemulo yuko wapi.
Nilitaka kumwuliza kwa nini hakumjibu Mama Tunu,
hata siku moja, hata pale uani, mbele ya ndoo yangu.
Nikasema tu: "Pole, mama."

Bega likashtuka. Kidogo, kama ngozi ya ng'ombe chini ya nzi.
Kisha akacheka, jino moja la pembeni likaonekana.
"Hilo siku hizi nalijua."

Akanisukumia mkoba wa picha, mkubwa, mwepesi,
mfupa wake wote ndani ya karatasi ya kaki.

"Beba," akasema. "Upesi.
Dirisha la dawa linafungwa."