Natafuta Jiko

Nilisema neno moja tu kwa muuza sabuni,
"Natafuta jiko,"
na kabla sijafika mwisho wa mteremko
Kadutu nzima imekwisha kunioza.
Mwalimu mwenzangu wa Uvira ndiye aliyeeneza,
yeye na Kiswahili chake cha ziwa jingine:
"Mgane kachoka baridi!"
Mama M'Cirhuza akanitajia mpwa wake wa Walungu,
mpole, asema, na ana mashine ya kushona.

Hapana, mama. La chuma. La kuni.
Lenye mlango, lenye bomba.

Ni mwezi wa kumi na moja, na mvua ya Bukavu
hainyeshi, inahamia. Inakuja na mkeka wake.
Ukungu unapanda toka ziwani kama mdai,
unabisha kila mwanya wa mbao zetu,
na Nsimire, mtoto wangu wa miaka tisa,
analala na soksi zangu mikononi.

Zamani tulikuwa na mbabula.
Mama yake aliiingiza chumbani usiku, makala yameshaiva,
mlango akiuacha wazi upana wa kiganja.
"Huu ndio uhai wetu," akisema, akipima kwa mkono wake.
Alipolazwa, nilipima kwa mkono wangu.
Wangu ni mkubwa kuliko wake;
baridi iliingia yote.
Sasa mbabula inalala nje, imejaa maji.

Nikaenda kwa fundi Cirimwami, nyuma ya soko,
anayechomelea huku kafumba jicho moja
kana kwamba nusu ya dunia inamtosha.
Alinionyesha matatu.
Pipa la mafuta lililokatwa kiunoni:
linashika moto upesi, linapoa upesi,
kama rafiki wa siku ya mshahara.
Jingine la chuma cha kuyeyushwa, lilitoka kwa mapadri,
zito kama dhambi isiyoungamwa;
mguu mmoja haupo, ameegesha tofali.
La tatu jipya, mlango una kioo
ili uutazame moto, asema, kama televisheni.

Moto nimekwisha kuutazama.
Mwaka ule ulitoka kwa Basimine
ukaruka mapaa ishirini na mawili
kabla ndoo ya kwanza haijafika.

Nikasoma maswali yangu nyuma ya daftari:
Bomba litatokea wapi, mbao zisishike?
Kuni za mikaratusi, mbichi, litazikubali?
Usiku mmoja litakula vipande vingapi?
La mwisho sikuliandika, lilitoka lenyewe:
"Watu wakilala, nani analichunga?"

Fundi akafumbua jicho la pili.
Hakunisifia kitu.
Aliwasha karatasi ndani ya lile la mapadri, akafunga,
akanipa mshumaa niupitishe pembeni mwa mlango.
Mwali haukutikisika.
"Linapumulia nje," akasema. "Basi."

Dola arobaini na tano; nikabembeleza hadi thelathini na nane,
na vijana wanne, na kamba, na ngazi mia na kumi na moja za udongo
ambazo sikuwahi kuzihesabu nilipokuwa sibebi kitu.
Mwenye nyumba alikataa tundu la ukutani.
Siku ya tatu akakubali dirishani:
kioo kitoke, bati likae, kodi ipande franga elfu tano.

Usiku wa kwanza lilikohoa lenyewe, si mtoto.
Harufu ya kutu, na ya ubani wa zamani,
kisha bomba likavuta.
Nsimire alivua soksi moja. Akangoja. Akavua ya pili.

Asubuhi Mama M'Cirhuza yuko chini ya dirisha,
anautazama moshi wetu ukienda zake kuelekea Nguba.
"Mwalimu! Kumbe umelipata!"
Nimelipata, mama.
Ni zito, halina mguu mmoja, halisemi,
na kila usiku kabla ya kulala, sijui kwa nini,
bado nauacha mlango wazi
upana wa kiganja. Kile kidogo.