Hati ya Malipo Namba 417

Mimi ndiye niliyeipiga chapa,
ghorofa ya nne, Kampala, meza ya pili kutoka dirishani.
Mlipwaji: kampuni ya Washington,
majina matatu ya ukoo yaliyofungwa pamoja kama kuni.
Kazi: kusafisha jina.
Haikuandikwa hivyo. Iliandikwa:
"ushauri wa mawasiliano na utetezi wa familia, robo ya tatu."
Lakini mimi ni mtoto wa dobi,
nguo chafu naijua ingali ndani ya furushi.

Walikuja wawili, mwezi wa Machi, mvua ikipiga mabati ya gereji.
Kabla ya chai, mmoja aliinamisha kichwa akaomba
Mungu ailinde ndoa, ailinde mipaka,
awaaibishe wanaotusingizia.
Nikasema amina. Amina haina gharama,
wala haina safu katika daftari langu.
Akaniuliza nina watoto wangapi.
Watatu.
"Ninyi huku," akasema, "bado mnajua familia ni nini."

Neno hilo limo mara kumi na moja kwenye barua
watakayowapelekea waheshimiwa wa kwao,
wale wanaohubiri kwamba serikali isimguse mtu.
Nimehesabu. Kuhesabu ndiko kunakonilisha.

Kireka, kwa Mama Nalwoga,
sahani moja hufunikwa kila jioni.
Matooke hupoa, hubadilika rangi,
asubuhi wanapewa kuku.
Mwanawe Lutaaya, fundi wa redio,
alitoka kununua risasi,
risasi ya kulehemu, waya mwembamba tu,
na gari lisilo na namba likasimama.
Miezi saba. Kila kituo kina daftari,
kila daftari halina Lutaaya.

Jumapili alinishika kiwiko nje ya kanisa:
"Wewe unafanya kazi huko juu.
Hamjamwandika popote?"

Nimwambie nini?
Kwamba yumo? Kiambatisho cha pili, ukurasa wa sita,
bila jina, ndani ya "matukio machache yaliyokuzwa,"
na kuyasahaulisha ni dola elfu arobaini
kila mwezi, nauli mbali?

Nilisema sijui. Nikanunua nyanya zake, sikuomba chenji.

Jumatatu hati ilihitaji nakala mpya.
Kitufe cha f kwenye mashine yangu hukwama, hujirudia:
ffamilia,
kama Kiganda kinavyoanza neno ffe,
yaani sisi.
Sikuifuta.
Bosi alitia sahihi bila kusoma.