Ziwa Ndani ya Bomba

Aikande alishuka nalo usiku kucha
ndani ya buti la basi, kati ya ndizi na godoro la mtu:
bomba la plastiki, urefu wa mkono na kiganja,
ncha zote mbili zimezibwa kwa gundi ya karatasi.
Alfajiri akanipigia kutoka stendi ya Mbezi:
"Njoo na gari. Nimekuja na ziwa."

Mimi sijapanda mlima wowote.
Nina pumu. Mlima wangu ni huu wa Chuo,
ambao wanafunzi huupanda wakitafuna mihogo.
Lakini maziwa ya juu nimeyazuru mengi
kwa njia hii: kisu chembamba, darubini,
feni inayolia kama ndege mwenye kikohozi.

Tukalipasua bomba kwa urefu, kama mkate.
Juu, tope jeusi: miaka hii yetu,
mwani umenenepa kwa joto.
Chini kidogo, uzi wa mkaa. Kuliungua.
Chini zaidi, chavua ya ule mti wa baridi
usioyavua majani yake yaliyokufa;
huyavaa shinani kama koti,
usiku ugande, wenyewe usigande.
Na mwani mwingine, wenye maganda ya kioo,
kila ganda limechongwa mistari
ambayo hakuna aliyeiagiza.

Halafu, kuanzia sentimita ya arobaini, kijivu.
Kijivu tupu, laini kuliko poda ya mtoto.
"Huu ni unga," Aikande akasema.
"Barafu ilikuwa jiwe la kusagia, mlima ndio mtama.
Ikasaga mwaka hadi mwaka, ziwa likameza,
maji yakawa kama maziwa yaliyodondoshewa wino."
"Na sasa?"
"Sasa ni maji tu. Unaona hadi chini.
Watalii wanasema yamependeza zaidi."

Saa nane mchana umeme ukakatika.
Jenereta lipo; dizeli inasubiri sahihi;
mwenye sahihi yuko Dodoma.
Tope likaanza kutoka jasho.

Nikakimbilia Feri, kwa Sikudhani muuza barafu,
apasuaye mapande kwa nondo, soksi mikononi.
"Samaki gani?" akauliza,
maana barafu ya pweza si barafu ya changu.
"Si samaki. Ni ziwa."
Nondo ikasimama hewani.
"Ziwa nalo huoza?"
"Huoza."
Akaniongezea pande la saba bila kulihesabu,
na chumvi ya mawe kwenye kifuko:
"Nyunyizia. Barafu bila chumvi
ni maji yenye haraka."

Basi usiku ule barafu ya mashine,
maji ya Ruvu yaliyogandishwa Magogoni,
ikalinda unga uliosagwa na barafu nyingine
ambayo haikuwahi kuuzwa kwa pande.
Aikande akalala juu ya meza,
viatu vya mlimani bado miguuni.
Mimi nikakamua dekio kila nusu saa.
Yaliyonishinda yakautafuta mlango yenyewe.

Saa tisa friji likashtuka, likaunguruma.
Nikaandika kwenye lebo, kwa penseli,
maana wino haupatani na unyevu:

Harufu ya samaki,
sentimita sifuri hadi sitini na mbili,
ni ya Feri.
Ziwa lenyewe halikuwahi kuwa na samaki.