Kulipakia Yai

Miaka kumi na tisa naendesha lori
kati ya Kuopio na Oulu,
nimebeba vioo, vigae, piano ya kanisa,
na hakuna aliyewahi kuniuliza mzigo wangu umelalaje.
Aliyeniuliza ni Pihla, binti wa mke wangu,
miaka kumi na mbili, yai mkononi,
jikoni, giza la Februari dirishani.

Roketi yake ni mrija wa karatasi ngumu,
mapezi matatu ya mbao nyembamba,
na kichwani kikombe cha plastiki
cha kukaa abiria mmoja.
Injini huwaka sekunde moja na nusu.
Ndani ya muda huo, akaniambia, yai hili
litakuwa na uzito wa mayai thelathini,
yote yamebanana katika ganda lile lile.

Mimi nikaleta pamba.
Pamba, na pamba tena,
kama mtu anayemfunika mgonjwa asiyemjua vizuri.
Tukalirusha. Tukaliokota.
Pihla akakiinamisha kikombe,
ukatoka uji wa manjano juu ya theluji
na vipande vya ganda, vyembamba kama kucha za mtoto.
Hakulia. Alinitazama tu
kama wanavyonitazama wakaguzi wa mizani.

Usiku ule sikulala, nikakumbuka vioo.
Kioo hakivunjwi na safari.
Huvunjwa na upenyo,
ile nafasi ndogo ya kukimbilia kabla ya kugonga.
Katika pamba yangu yai lilipata njia,
likashuka, likashika kasi, likakutana na kitako.
Kumbe ulaini nao una kisu.

Yai haliogopi mwendo.
Linaogopa ghafla.

Machi tukaanza upya.
Sponji ngumu ya kijivu, iliyokuja na taa ya lori,
Pihla akaichonga kwa kisu cha mkate,
akapima, akachonga, akapima,
hadi yai likaingia kwa kusukumwa na kidole gumba,
likakaa wima, kwa sababu ubavu wake hauna nguvu.
Nikashauri upande butu uwe chini.
"Huko kuna kichumba cha hewa," akasema. "Kiache juu."
Nikanyamaza. Ncha ikaenda chini.
Akalivisha mfuko mdogo, likipasuka lisituchafulie,
akafunga mpira mrefu, mara tatu ya urefu wa roketi,
ili parachuti linapofunguka
lisilipige yai kofi.

Jumamosi, juu ya barafu ya Kallavesi,
Raimo alishika saa, Kyllikki alishika chupa ya kahawa,
mimi sikupewa cha kushika.
Pihla akahesabu kinyumenyume, akabonyeza.
Mlio kama turubai linalochanika kwenye upepo,
kisha kijiti kikabaki peke yake.

Dua la kuku halimpati mwewe, wanasema.
Sijui kuhusu dua.
Mchana ule yai la kuku lilimpita mwewe
likamwachia moshi.

Juu kabisa, kimya.
Kimya kikazidi.
Raimo akaacha kusoma saa.
Halafu ua la rangi ya chungwa likachanua,
likayumba, likashuka taratibu kuelekea kisiwani,
na Pihla alikuwa tayari anakimbia,
buti moja haijafungwa kamba.

Alipiga magoti, mgongo wake kwetu.
Akachungulia kikombe muda mrefu
kuliko safari yenyewe ilivyochukua.
"Zima," akasema, kwa sauti ya kawaida,
akalitia mfukoni, ndani ya glavu ya sufu.

Jioni alilipasua ukingoni mwa kikaango
kwa mkono mmoja, bila hotuba.
Kiini kikakaa duara, hakikuteleza.
Nilikuwa bado nimeshika ganda, nikitafuta ufa,
aliponisogezea nusu sahanini.
"Mwezi ujao," akasema, mdomo umejaa,
"tunarusha mawili."

Nikaweka ganda mezani.
Nikaanza kuwaza yatakaaje, mrija mmoja,
yasigongane.