Mafuta Kiganjani

Sista Kache hanidungi mafuta yakiwa baridi.
Hunipa kichupa nikifumbate kwanza,
"Kishike kama kifaranga," asema, kisha ageukia daftari,
nami nakaa juu ya kitanda cha raba, Tudor, chumba cha nyuma.
Feni yalia kwi, kwi, bawa moja limepinda,
na mimi fundi wa mafriji na feni
najizuia nisiombe bisibisi.

Mililita moja. Paja la kushoto,
maana wiki tatu zilizopita lilikuwa la kulia.
Yaingia polepole, mazito kama samli ya asubuhi.
Hakuna ngoma, hakuna radi:
kipande cha pamba, plasta, risiti,
na maswali yale yale. Walala vizuri? Kichwa chauma?
Damu tutapima mwezi ujao, isije ikazidi uzito.

Nilianza nina miaka thelathini na tisa.
Watu hudhani ni pupa za ujana.
Mimi nilingoja hadi karo ya mdogo wangu ikaisha,
nilingoja kama mtu aliyepanga foleni
na kila akifika dirishani
hupisha mwengine.

Kilichotangulia ni jasho.
Kisha njaa, sahani mbili za wali na bado nausogelea mkate wa mofa.
Kisha chunusi, na umri huu!
Mwenye duka kule Majengo akaniuzia sabuni ya watoto wa shule
bila kuuliza ni ya nani.
Kisha sauti.

Neno lilitoka kifuani zito
likafika mdomoni limeteleza.
Wateja kwenye simu: "Nipe fundi mwenyewe."
"Ndiye mimi."
"La, yule mwanamke."
Nikasema amehama. Si uongo mzima.

Lugha yetu ilinisitiri siku zote:
yeye ni yeye, amekuja ni amekuja,
haikunikagua mlangoni nimevaa nini.
Yenye meno ni shangazi na ami.
Mtoto wa kakangu, Twalib, alinyamaza siku mbili akiyapima,
mwisho akaniita Fundi, kama watu wa mtaani,
akaomba pesa za sambusa.

Mama sikumwendea miezi saba.
Nilituma matumizi, nilituma ujumbe
ambao jirani alimsomea kwa sauti ya jirani.
Macho yake yana ukungu, mtoto wa jicho,
hawezi kuziona ndevu.
Lakini masikio yale
husikia chungu kabla hakijachemka.

Ijumaa moja, Kuze, ngazi za mawe za nyuma,
nikasema, "Hodi."
Ndani, mwiko ukasimama.
Nikasikia kiti. Nikasikia ukuta ukipapaswa.
"N'nani wewe?"
Pumzi yake ilikuwa upande wa pili wa ubao, hapa, karibu.
"Ni mimi, mama."
Kimya kirefu, harufu ya kitunguu ikianza kuungua.
"Wala nini hata ukawa na koo la marehemu?"
"Ni dawa, mama. Nadungwa."
"Yauma?"
"Kidogo. Hupashwa moto kwanza."

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili.
Hakuacha kanda, hakuacha chochote kinenacho.

"Basi piga hodi tena," akasema.
Nikapiga.
"Tena."
Mara nne nilibisha mlango niliozaliwa ndani yake,
jirani ameshatoa kichwa dirishani,
kitunguu kimeshakuwa mkaa,
ndipo komeo likalia.

Aliniita kwa jina la zamani.
Akanilaumu kwa kukonda.
Mkono ukanyoka hadi kidevuni, ukarudi upesi
kama ulioshika kikaango,
akanituma dukani kuleta kitunguu kingine.

Hatujalizungumza hadi leo.
Ila kila Ijumaa nikifika na kubisha
najua yuko pale pale, nyuma ya ubao,
komeo mkononi,
na huniacha nje
muda kidogo kuliko inavyohitajika.